Injini ya Bi Mkasi

Bi Mkasi alikisikia kilio kabla mama mtu hajakisikia, maana alikuwa macho akikisubiri. Kilianza kwa mguno mdogo, kama wa mtoto anayeota, kisha kikapanda. "Mama, miguu! Mama, miguu inauma!" Ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na ndiyo kwanza Jumanne.

Alijikongoja hadi chumba cha pili, mkono mmoja ukutani. Mkwe wake alikuwa ameketi kitandani amempakata mtoto, macho mekundu ya mtu ambaye baada ya saa tatu anatakiwa awe kiwandani anatoa mikate kwenye tanuri. Mume wake, fundi bomba, ambaye ndiye mtoto wa pekee wa Bi Mkasi, alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi.

"Wapi hasa, Chiriku? Mwonyeshe baba."

"Hapa," mtoto akagusa paja la kulia. "Na hapa." Paja la kushoto. "Na huku nyuma kote."

Chiriku alikuwa na miaka sita kasoro miezi miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo, kwani alikuwa akiongea hata anapopiga mswaki. Sasa mdomo ule ulikuwa umepinda kwa kilio.

"Nipeni mimi," akasema. Akaketi pembeni mwa kitanda, akaiweka miguu midogo mapajani mwake, akaanza kuikanda. Kutoka kwenye paja kushuka kwenye goti, kutoka kwenye goti kushuka kwenye shavu la mguu, polepole, mpaka kilio kikawa kwikwi na kwikwi ikawa usingizi.

"Asubuhi mtamwona anaruka kama hakuna kilichotokea," akasema.

"Hicho ndicho kinachonitisha, Mama," mkwe akajibu kwa sauti ya chini. "Kuna mwenzangu kazini, mtoto wa dada yake alianza hivi hivi. Miguu, miguu, wakasema uchovu. Kumbe ni mfupa. Na walipokuja kujua..." Hakumalizia. Aliitazama miguu ya mwanawe kama vile angeweza kuona mpaka ndani.

Bi Mkasi aliendelea kukanda mtoto aliyekwisha kulala. Hakuinua macho, maana mkwe wake alikuwa na macho ya kusoma watu.

*

Chekechea ilifungwa saa sita. Saa sita na nusu Chiriku alikuwa ameshakula, ameshanawa, na amesimama mbele ya bibi yake mikono nyuma.

"Injini iwashwe?"

Hii ndiyo ilikuwa siri ya nyumba ile. Cherehani ya Bi Mkasi ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na magoti ya Bi Mkasi yalikuwa yamegoma tangu mvua zilizopita. Alikuwa anaweza kukata, kupima, kuongoza kitambaa chini ya sindano bila hata kukitazama, lakini akikanyaga mshono mmoja, goti la kulia lilimchoma mpaka akaona nyota. Siku moja alikuwa amekaa pale anajikunja kwa maumivu, mjukuu wake akaburuta kigoda, akakaa upande wa pili wa mashine, akatia miguu yake kwenye pedali. "Bibi, mimi nitakuwa injini."

Mwanzo gurudumu lilizunguka kinyume na nyuzi zikakatika ovyo. Baada ya siku tatu alikuwa amekwisha kuijua kazi. Bi Mkasi alilianzisha gurudumu kwa mkono, Chiriku akalidaka mwendo kwa miguu, na hapo hakuna aliyewaweza. "Twende" maana yake mbio. "Polepole" maana yake kuna kona. "Hapo!" maana yake simama, tena simama kweli. Kwa muda wa miezi miwili walikuwa wameshona mapazia, mashuka ya nyumba ya wageni, na sasa walikuwa na oda ya sketi ishirini na mbili za marinda kwa kikundi cha michezo cha shule. Mwalimu angezifuata Jumamosi. Zilikuwa zimekwisha kumi na moja.

"Leo injini imeharibika," akasema Bi Mkasi.

"Haijaharibika. Mimi ni mzima."

"Jana ulilia."

"Jana ni jana, Bibi."

"Kacheze."

Chiriku alikwenda kukaa mlangoni na vifungo vyake vya nguo vya kuchezea, amenuna. Bi Mkasi akavuta kiti, akatia sketi chini ya sindano, akapiga moyo konde, akakanyaga. Mshono wa kwanza ulifika nusu. Wa pili haukufika popote. Akajaribu kwa mguu wa kushoto peke yake, mashine ikatetemeka, uzi ukakatika, rinda likaenda upande. Akaukamata ukingo wa meza kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka goti likatulia.

"Bibi," sauti ikasema kutoka mlangoni, kwa huruma yote ya dunia, "unatia aibu."

Alipofumbua macho, mtoto alikuwa tayari kwenye kigoda, amevua viatu.

Hapa ndipo Bi Mkasi alipotenda kosa, na alilitenda akilijua. Alisema, "Kidogo tu." Kidogo tu ikawa sketi moja. Sketi moja ikawa mbili, kwa kuwa mwendo ulikuwa mzuri na marinda yalikuwa yanalala yenyewe. Ilipofika saa nane na nusu, sketi nne mpya zilikuwa zimekunjwa juu ya meza, na injini ilikuwa inaimba.

"Na mama akirudi tunasemaje?" akauliza Bi Mkasi.

"Tulicheza vifungo."

"Hasa."

Asidhaniwe kuwa alikuwa mama mkwe mwenye roho mbaya. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Lakini mwaka jana mwanawe alikuwa ametamka neno "pumzika" mara mbili mbele yake, na Bi Mkasi aliwajua wanawake wa rika lake waliopumzishwa. Kwanza wanakuondolea kazi. Kisha wanakuondolea funguo. Mwisho wanakaa na wageni wanakuzungumzia na wewe umekaa hapo hapo, kama wanazungumzia kabati. Alikuwa amejiapiza kwamba siku magoti yake yatakapojulikana hayatajulikana kwa mdomo wake.

*

Mkwe alirudi saa tisa na mikate miwili iliyovunjika ukingo, ambayo kiwanda kiliwauzia wafanyakazi kwa nusu bei, na chupa ya dawa ya maji ya rangi ya waridi.

"Muuza dawa anasema inatia nguvu mifupa," akasema, akaiweka mezani taratibu kama yai. "Nimemwuliza kama kuna ndogo ya bei nafuu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Akasema, 'Dada, mifupa ya mtoto haina punguzo.' Na watu wote foleni wananisikiliza."

"Mshenzi huyo," akasema Bi Mkasi kwa moyo wake wote, maana ilikuwa nafuu kumpata mwingine wa kulaumu.

Mkwe akakaa, akavua viatu, akazungusha macho chumbani. Alikuwa na tabia hiyo kazini pia, ya kuutazama mstari wa mikate na kuona mmoja uliopinda.

"Mama, mbona cherehani siku hizi imekaa mbali na ukuta?"

"Mwanga," akajibu Bi Mkasi haraka mno.

"Aa." Akayasugua macho. "Nimepewa ruhusa kesho kutwa. Alhamisi tunampeleka zahanati. Wanaweza kumpima damu, na picha ya mifupa pia wakiona lazima. Bora tujue."

Chiriku, ambaye alikuwa anapanga vifungo sakafuni, aliinua kichwa. "Damu wanaitoaje?"

Mama yake akageuka kuipanga mikate, na Chiriku hakuwa mjinga. Akavikusanya vifungo vyake vyote kifuani kana kwamba navyo vilikuwa hatarini.

Sasa, Bi Mkasi akajiambia. Sema sasa. Akasafisha koo. "Unajua, mama Chiriku, mimi nadhani..."

Mlango ukafunguliwa, mwanawe akaingia na mfuko wa spana begani. Akamsalimu mama yake, akamgusa mtoto kichwani, kisha akaziona sketi juu ya meza. Akaishika ya juu, akayafungua marinda kwa kidole.

"Hizi nne za leo? Mama! Na mimi mwaka jana nilikuwa nakwambia upumzike. Naomba radhi kabisa. Una nguvu kuliko sisi wote humu ndani."

Bi Mkasi aliyasikia maneno aliyokuwa akiyatamani mwaka mzima, na yalimshuka kooni kama dawa ya minyoo.

"Ulikuwa unasema nini, Mama?" mkwe akauliza.

"Nilikuwa nasema nitakwenda nanyi Alhamisi."

Usiku ule miguu iliuma tena.

*

Zahanati ilikuwa na benchi refu na sakafu ya vigae vyeupe na vya bluu. Chiriku aliamua kwamba vya bluu ni moto, akawa anaruka cheupe hadi cheupe kwa mguu mmoja, anahesabu kwa sauti. Karani wa mapokezi alimtazama juu ya miwani yake.

"Huyu ndiye mgonjwa wa miguu?"

"Ndiye," mkwe akasema.

"Huyu huyu anayeruka?" Wagonjwa wawili kwenye benchi wakacheka. Mkwe akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Bi Mkasi alikuwa na jibu la karani yule tayari ulimini, jibu zuri, lenye makali pande mbili, lakini kwa mara ya kwanza maishani alilimeza. Mtu mwenye siri hana ujasiri wa kugombana.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na kalamu mbili mfukoni. Alimpandisha Chiriku kitandani na kumwuliza mama maswali moja baada ya jingine bila papara. Maumivu ni ya mguu mmoja au ya yote miwili? Yote. Yanakuja saa ngapi? Jioni, usiku. Asubuhi je? Asubuhi hakuna kitu. Anachechemea mchana? Hapana. Homa? Kuvimba? Kukonda, kukataa chakula? Hapana, hapana, huyu anakula sahani yake na ya baba yake. Akamkunja magoti, akazungusha nyonga, akabonyeza kifundo hiki na kile, akamfanya atembee kwa vidole na kisha kwa visigino. Chiriku alitembea na kueleza kila hatua.

"Vizuri," daktari akasema, akaandika. "Na mchana, akitoka shule, anashinda anafanya nini? Anakimbia sana? Anapanda ngazi?"

"Hapana, anakaa na bibi yake," mkwe akasema. "Wanacheza vifungo."

"Vifungo tu?" Daktari akamtabasamia Chiriku. "Wewe mwenyewe niambie. Mchana unafanya nini na bibi?"

Chiriku akafungua mdomo. Akamtazama bibi yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya: akaufunga mdomo, akauziba kwa viganja viwili.

"Unaweza kuniambia," akasema daktari.

Mtoto akatikisa kichwa. Akatoa kiganja kimoja kidogo tu. "Nimeambiwa nisiseme."

Daktari aliweka kalamu mezani. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini macho yalibadilika, yakatoka kwa mtoto yakaenda kwa mama, yakatoka kwa mama yakatua juu ya Bi Mkasi na kubaki hapo. Mkwe naye aligeuka. Bi Mkasi alimwona mwanamke yule, ambaye alikuwa amekula naye sahani moja miaka saba, akimtazama kama mtu asiyemjua. Akaelewa maneno yale yalivyosikika, na yalivyosikika masikioni mwa mtu ambaye kazi yake ni kuwachunguza watoto.

Na mtoto bado alikuwa ameziba mdomo. Alikuwa anaogopa sindano kuliko kitu chochote, alijua sindano iko njiani, na bado alikuwa anamfichia bibi yake.

"Uachie mdomo, mjukuu wangu," akasema Bi Mkasi. "Nitasema mimi."

Akasema. Alianza na magoti, kwa kuwa ndiyo yalikuwa magumu zaidi, kisha mengine yakafuata yenyewe: kigoda, pedali, mapazia, mashuka, sketi. Saa moja kwa siku, mara nyingine mbili. Akasema kwamba juzi alijua na bado akamwacha akanyage. Alisema yote akiitazama mikono yake. "Nimemharibu miguu mtoto wa watu," akamalizia.

Aliyedakia ni Chiriku, sasa akiwa na mdomo huru. "Naweza kwenda mbio mpaka mashine inatikisika. Nikuonyeshe?"

"Nionyeshe," akasema daktari. Mtoto akakaa ukingoni mwa kitanda, akakanyaga hewa, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kwa mwendo mmoja usioyumba. Daktari akatazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka, na mabega ya watu wazima wawili yakashuka.

"Bibi, hujamharibu mtu. Haya ni maumivu ya kukua, ndivyo tunavyoyaita. Watoto wengi wazima kabisa wanayapata umri huu. Miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi yameyeyuka. Kwa nini hasa yanakuja, nisikudanganye, hatujui vizuri. Siku ambayo mtoto ametumia miguu sana yanaweza kuzidi, kwa hiyo injini naomba ipumzike. Na hata ikipumzika anaweza kuumwa usiku mmoja mmoja. Mkandeni, mpasheni miguu kwa kitambaa cha moto kiasi, mnyosheni kabla ya kulala. Itakwisha yenyewe."

"Na damu?" mkwe akauliza. "Na picha?"

"Kwa nilichokiona leo, sioni haja. Lakini sikiliza, mama." Akahesabu kwa vidole. "Ukiona ni mguu mmoja tu kila siku, au kuna uvimbe, au homa, au anaamka asubuhi anachechemea, usisubiri, mlete siku hiyo hiyo."

Mkwe akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Kisha akafunika uso kwa mkono wake na kulia bila sauti, kilio cha wiki nzima, na Chiriku akamshika sikio kumbembeleza kama alivyokuwa akibembelezwa yeye.

"Na wewe, Bibi," daktari akasema akichukua kalamu, "hayo magoti yanauma tangu lini?"

"Tumekuja kwa ajili ya mtoto," akasema Bi Mkasi.

"Rudi Jumatatu, basi, uje kwa ajili yako."

*

Walirudi kwa miguu. Chiriku alikuwa mbele, anamweleza kila mpita njia kwamba hakudungwa. Walipofika kona ya duka la rangi mkwe alisimama ghafla.

"Sijakasirikia cherehani, Mama."

Bi Mkasi akasimama naye.

"Watoto wanasaidia nyumbani, hata mimi nilibeba maji nikiwa na umri huo. Ila wiki nzima nimesimama mbele ya tanuri nawaza mwanangu ana mfupa unaoza. Nimeunguza treya mbili. Nimetukanwa na muuza dawa. Na wewe ulikuwa umekaa hapo mezani unaniona, unalo neno moja la kunituliza, hukulitoa. Ulinipikia chai, hukulitoa."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Bi Mkasi alikuwa na sababu zake zote tatu tayari, kazi, funguo na kabati, lakini pale barabarani, mbele ya uso ule uliochoka, zilionekana ndogo kama vishikizo vya nguo ya mwanasesere.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Hakuwa amewahi kumwomba mkwe radhi. Neno lilitoka na kutu. "Niliogopa mtanikalisha mlangoni kama mzigo. Nikakuacha uogope wewe badala yangu. Nilikosea sana."

Mkwe hakusema yamekwisha, kwa sababu yalikuwa hayajakwisha. Lakini walipovuka alimshika mama mkwe wake chini ya kiwiko, upande wa goti bovu, na hakumwachia mpaka nyumbani.

Jioni fundi bomba aliambiwa yote. Akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo zile nguvu nilizosifia zilikuwa za huyu?" Chiriku akakunja mkono kumwonyesha msuli. Baba mtu akajaribu kukaa na hasira yake, akashindwa, akatoka nje kucheka.

*

Ijumaa mkwe aliporudi kutoka kazini alimkuta Bi Mkasi anakunja vitambaa na kuvitia mfukoni. Sketi zilizokwisha zilikuwa kumi na tano. Saba zilikuwa bado vipande.

"Unavipeleka wapi?"

"Namrudishia mwalimu. Atafute fundi mwingine, kesho ni Jumamosi."

"Na jina lako?"

"Jina ndilo hilo, limefika hapo." Bi Mkasi aliendelea kukunja. Alikuwa amejizoesha na wazo hilo tangu alfajiri, na alikuwa anakaribia kuweza kulisema bila mdomo kutetemeka.

Mkwe alisimama na mikate yake mkononi. Alikuwa ameamka saa kumi usiku. Aliutazama mfuko, akaitazama mashine, akautazama ule uso mkavu wa mama mkwe wake ambao ulikuwa unajitahidi kukaa mkavu. Akaweka mikate mezani. Akavua viatu. Akaburuta kigoda upande wa pili wa cherehani, akakaa, na magoti yake yakapanda yakakaribia masikio.

"Huwezi," akasema Bi Mkasi.

"Mtoto wa chekechea aliweza."

"Yeye ana kipaji," akasema Bi Mkasi, lakini tayari alikuwa ameurudisha mfuko mezani.

Sketi ya kwanza ilikuwa vita. Gurudumu lilirudi kinyume, uzi ukakatika mara sita, na Bi Mkasi, ambaye jana alikuwa mnyenyekevu, leo aliirudia hali yake. "Polepole nimesema! Hiyo ni polepole? Unakanda unga?" Mkwe naye alijibu kutoka nyuma ya mashine kwamba unga hauna kelele kama fundi. Chiriku alisimama katikati yao, mikono kiunoni, msimamizi asiye na huruma.

"Mama, akisema 'hapo' usiongeze kamoja. Wewe unaongeza kamoja."

"Naongeza kwa bahati mbaya."

"Injini haina bahati mbaya."

Kufika sketi ya tatu walikuwa wameacha kugombana. Ya nne ilikwenda bila uzi kukatika hata mara moja, na Bi Mkasi akasema "Twende," na mashine ikaenda, na yeye akauongoza mshono mrefu wa kiunoni kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja. Furaha ilimjaa kifuani waziwazi, akaiacha imjae. Alikuwa anashona mchana kweupe, mlango wazi, watu wa nyumba wanamwona.

Mwanawe alirudi akawakuta hivyo. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana.

"Nitatafuta mota ya umeme," akasema hatimaye.

"Tafuta," mama yake akajibu bila kuinua macho. "Kwa sasa usitukalie kwenye mwanga."

Walimaliza sketi ya tano chakula kilipokuwa tayari, na mbili wakaziacha za asubuhi, kwa kuwa mkwe hakuwa na zamu Jumamosi. Alikula amesimama, akisema akikaa hatainuka. Saa mbili hivi nyumba ilikuwa imekwisha kulala, au ilikuwa inajaribu.

Bi Mkasi alikuwa macho tena, kwa mazoea, anasikiliza. Upande wa pili wa ukuta ukaja mguno. Akajiinua kwa kiwiko. Lakini sauti haikuwa ya mtoto.

"Jamani, miguu! Mapaja, na huku nyuma kote. Jamani!"

Kitanda kililia. Vinyayo vidogo vikatua sakafuni.

"Mama," sauti ya Chiriku ikasema, imejaa mshangao, "kumbe na wewe unakua?"

"Nadhani," mama mtu akasema.

"Haya, lete mguu nikukande. Usilie, asubuhi utaruka."

Bi Mkasi alijifunika shuka mpaka puani ili acheke bila kusikika, lakini ukuta ulikuwa mwembamba na kicheko kilikuwa cha siku nyingi.

"Mama, nakusikia," mkwe akaita. "Cheka tu. Jumatatu nakupeleka na hayo magoti yako."

Majibu ya kukataa yalikuwepo, aliyajua yote kwa moyo. Bi Mkasi alinyosha miguu yake mibovu chini ya shuka, akaisikia ikiuma, akasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta:

"Jumatatu. Saa ngapi?"